MAKTABA SI GHALA LA VITABU

Kuna desturi iliyoota mizizi katika nchi yetu ya kuihesabu maktaba kuwa ni mahali pa kunyamaza tu. Mtu akivuka kizingiti chake hupunguza sauti, hunyata kama aingiaye kanisani au msikitini, naye bawabu humtazama kwa jicho la kumwuliza ametoka wapi na anataka nini. Kunyamaza kwenyewe hatukulaumu. Asomaye anahitaji utulivu, na kijana anayejitayarisha kwa mtihani hawezi kuyashika maarifa huku wenzake wanacheka ubavuni pake. Lakini maktaba ya chuo kikuu, inayoendeshwa kwa kodi ya mkulima wa Dongobesh na mfugaji wa Basotu, ikiwa kazi yake yote ni kunyamaza, tangu asubuhi hata usiku, mwaka nenda mwaka rudi, basi tofauti yake na ghala ni ndogo mno. Ghala nalo hunyamaza.

Twataka leo kulisema jambo hili kwa upande wa Mbulu na Hanang, wala si kwa upande wa Dar es Salaam ambako aghalabu husemwa, kwa sababu huku juu ya bonde la ufa ndiko hasara yake inakoonekana wazi.

Tuanze na lile lisilosahaulika. Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi mapema, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia mji wa Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba zisizo chache zilifagiliwa pamoja na vyombo vyake. Hofu ikazaa uvumi. Hanang ni volkano ya kale, kila mtu amesikia hivyo shuleni, basi wengi wakauliza kama mlima umelipuka. Wataalamu wa miamba wakatumwa, wakaangalia, wakaeleza kwamba haukuwa mlipuko hata kidogo: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikunywa maji ya mvua kubwa, ikashindwa kujishika, ikameguka na kuteremka kwa njia za mito. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, na yalitolewa upesi. Lakini yaliwafikia watu wakiwa wamekwisha kuingia topeni.

Hatusemi kwamba mhadhara mmoja ungeuzuia mlima. Twasema kwamba mlima huo, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, umechunguzwa na wanajiolojia tangu enzi za Wajerumani, na habari za miamba yake zimo katika vitabu na majarida yaliyopangwa kwa nambari katika maktaba za vyuo vikuu. Ni wangapi wa Katesh waliopata kuketi na mtu aliyeisoma miamba hiyo, wakamwuliza: Mabonde haya yalichimbwa na nini? Mawe haya makubwa yaliyolala shambani kwangu yalifikaje hapa? Je, yamewahi kushuka zamani, na yaweza kushuka tena? Swali la tatu ndilo lenye thamani ya uhai. Nalo halijibiwi na mwanajiolojia peke yake. Lajibiwa na yeye pamoja na mzee aliyesimuliwa na babu yake jinsi mto fulani ulivyobadili njia. Mmoja ana kipimo, mwingine ana kumbukumbu, na kabla ya mwaka 2023 hawakukutanishwa.

Wala haidhaniwi kwamba Mbulu ni nchi iliyosahauliwa na wasomi. Laiti ingekuwa hivyo, tungalilalamika kwa namna nyingine. Ukweli ni kwamba ni wilaya chache za Tanzania zilizoandikwa kama hii. Mwaka 1993 Mholanzi Maarten Mous alitoa kitabu kizima cha sarufi ya Kiiraqw. Mwaka 2002 yeye, pamoja na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mjerumani Roland Kießling, wakatoa kamusi ya lugha hiyo, ikapigwa chapa mjini Köln, Ujerumani, na maana za maneno zikaelezwa kwa Kiingereza. Mmarekani Robert Thornton aliandika mwaka 1980 juu ya jinsi Wairaqw wanavyoielewa nchi na majira. Katherine Snyder akafuata mwaka 2005. Huko Haydom, penye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, walikuja wachunguzi wa afya wa mataifa mbalimbali, na kuanzia mwaka 2009 watoto zaidi ya 200 wa vijiji vya pale walifuatwa tangu kuzaliwa, wakipimwa uzito, kimo na kinyesi, katika uchunguzi uliofanywa katika nchi nane za dunia ili kujua kwa nini watoto wa maskini hudumaa. Watoto wale leo ni vijana wenye ndevu changa na wasichana wa sekondari. Yaliyogunduliwa kwa miili yao yamo katika majarida ya kitabibu. Mama aliyemtoa mwanawe apimwe mwezi hata mwezi ana haki ya kuketi siku moja akaambiwa, kwa lugha aijuayo, ni nini kilichoonekana.

Hili ndilo shauri letu lote, na yanayofuata ni kulifafanua tu: kitabu kilichoandikwa juu ya watu hakijakamilika mpaka watu hao wamekisikia na kukijibu, na mahali pa kukisikia na kukijibu ni maktaba iliyokihifadhi.

Tutwae mfano mmoja, maana ni mtamu. Mwaka 2004 msomi wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Lowe Börjeson, alitoa tasnifu yake juu ya kilimo cha nyanda za juu za Mbulu. Habari iliyozoeleka kabla yake, na iliyorudiwa na waandishi wengi, ilikuwa hivi: Wairaqw wa Irqwa Da'aw, yaani zile sehemu za milimani za Kainam na Murray, walisongamana kule kwa kuwaogopa Wamasai waliowazunguka, na kwa kuwa hawakuweza kutoka, wakalazimika kulima kwa bidii kipande kile kile, kutia samadi, kupiga matuta, kupitisha maji, na kulaza ng'ombe ndani ya nyumba. Kwa kifupi, walikuwa wakulima hodari kwa sababu ya woga. Börjeson akasema la, mambo hayakuwa hivyo. Akatoa hoja kwamba kilimo kile hakikuzaliwa na mazingirwa ya adui. Kilijengwa pole pole, tuta juu ya tuta, mwaka baada ya mwaka, kila kizazi kikiongeza kazi yake juu ya kazi ya kizazi kilichotangulia, mpaka ardhi yenyewe ikawa akiba.

Msomaji asidhani kwamba hili ni gomvi la wanachuo wawili watatu huko Ulaya. Ni swali la heshima. Je, babu zetu wa Kainam walikuwa wafungwa waliojitahidi ndani ya kifungo, au walikuwa watu huru waliojua walichokifanya? Wazee wa pale wanalo la kusema, tena huenda wasikubaliane wao kwa wao. Yupo atakayesema kwamba hofu ya Wamasai haikuwa hadithi, akataja na kilima walichokuwa wakikitumia kulinda. Yupo atakayemjibu. Mashindano ya namna hiyo, yakifanyika mbele ya watu, huku kitabu kimefunguliwa mezani na mkutubi anasoma ukurasa unaobishaniwa, yana faida kuliko semina kumi za hotelini. Na kila lisemwalo likiandikwa na kurudishwa rafuni kando ya kitabu chenyewe, msomi ajaye baada ya miaka 30 atakuta sauti mbili badala ya moja. Lakini wazee hao hawatungoji. Kila majira ya baridi huondoka mmoja.

Tuna mfano wa pili, nao sisi wa gazeti la chama twautaja kwa makusudi. Mwanahistoria Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 2007, katika jarida la historia ya Afrika litolewalo Uingereza, makala juu ya Operesheni Vijiji ilivyotendeka upande wa mashariki wa nchi ya Wairaqw kati ya mwaka 1974 na 1976. Yeye aonyesha kwamba kuhamishwa kwa watu kutoka katika makazi yao ya zamani kuliukata uhusiano wao na mahali walipopajua: chemchemi hii, msitu ule usiokatwa, mteremko usiolimwa, na zile imani na miiko iliyoyafunga mambo hayo pamoja. Hilo si jambo la kupendeza kwetu kulisoma. Operesheni ile ilitangazwa na kuendeshwa kwa nguvu zote na chama, na kurasa za magazeti ya chama za siku zile zimejaa sifa zake. Lakini watu waliohamishwa wapo, na waliowahamisha wapo, wengine katika kata moja, wakisali kanisa moja. Wakae pamoja, makala ile isomwe kwa Kiswahili, kila mmoja aseme alichokiona. Wako watakaosema kwamba kijiji kiliwaletea shule, zahanati na bomba. Wako watakaotaja ng'ombe waliopotea na nyumba zilizovunjwa. Chama kilichozaliwa katika mikutano ya hadhara hakina sababu ya kuuogopa mkutano wa hadhara, na ikiwa wako viongozi watakaoona kwamba mazungumzo hayo ni hatari, basi na waje waseme hivyo hapo hapo, mbele ya watu, wajibiwe.

Mbulu haihitaji kufundishwa kusema. Wenye umri watakumbuka uchaguzi wa mwaka 1960, ambao TANU ilishinda viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kimoja kilichosalia kilikuwa cha Mbulu. Pale mgombea wa chama alikuwa Chifu Amri Dodo, na watu wakamchagua Herman Elias Sarwatt, aliyekuwa mwanachama wa TANU yeye mwenyewe lakini akasimama kwa kujitegemea. Tanganyika nzima ilisema neno moja, na Mbulu ikasema, ngojeni kidogo. Walikuwa na sababu zao, nazo zingefaa kuwa somo la jioni moja ya maktaba. Tena watu hawa wana slufay, yale maombi ya baraka ambayo mzee huyatamka mbele ya mkutano kwa maneno yaliyopangwa kama ushairi, na waliohudhuria humwitikia. Hapo pana msemaji, pana wasikizaji, na wasikizaji si mabubu. Ni wapi katika vyuo vikuu vyetu utakuta mhadhara ambao wasikizaji wake wamepewa kazi?

Twajua kwamba wako watakaotujibu kuwa mihadhara ya wazi ipo, tena ni ya siku nyingi. Naam, ipo. Chuo Kikuu chetu cha kwanza chenyewe kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na darasa moja la sheria lenye wanafunzi wasiotimia 15. Hakikuhamia Mlimani mpaka mwaka 1964. Maana yake ni kwamba kwa miaka karibu mitatu mwanafunzi aliyetoka darasani alikutana ngazini na kuli, na mkulima aliyeleta malalamiko yake ofisi ya chama, na mama muuza samaki aliyekuja kulipa ada. Baadaye Mlimani kukawa na sifa yake. Walter Rodney wa Guyana alifundisha pale mara mbili, tangu mwaka 1966 hata 1968, na tangu 1969 hata 1974. Kati ya safari hizo mbili alikuwa Jamaika, na huko, mbali na darasa lake la chuo, alikwenda kuketi na mafukara wa Kingston katika nyua zao akizungumza nao juu ya historia ya Afrika. Serikali ya kule ikaona hayo ni makubwa kuliko bunduki. Mwezi Oktoba 1968 ikamkataza kukanyaga tena nchini. Hakukatazwa kwa kitabu. Alikatazwa kwa maongezi.

Na katika siku za karibu, mwaka 2008 kiliwekwa Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia, na mwaka 2009 Wole Soyinka wa Nigeria alikuja kutoa mihadhara. Hayo yote ni fahari ya nchi. Huko Morogoro nako, Chuo Kikuu cha Kilimo kilichopewa jina la Edward Moringe Sokoine, kila mwaka hufanya kumbukizi yake, na mazungumzo huwa ya maana.

Lakini tuseme kweli. Mihadhara mikubwa aghalabu hutolewa kwa Kiingereza, tena hutolewa katika miji ile ile. Tarehe 27 Novemba 2018 Rais Magufuli alifungua maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000 na viti vya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, pamoja na ukumbi wa mikutano. Ni jengo la kuvutia. Kwa mtu wa Haydom, hata hivyo, jengo hilo liko mbali kama China yenyewe. Na kwa mwenyeji wa Dar es Salaam asiye na kitambulisho cha mwanafunzi, auzaye karanga pale Mwenge, liko mbali vile vile, ingawa aona paa lake. Umbali wa kwanza hupimwa kwa maili, umbali wa pili hupimwa kwa haya.

Wengine watauliza: Mbona maktaba? Kwani mambo haya hayawezi kufanywa na ofisi ya wilaya, au na redio, au na hizi simu za kiganjani ambazo kila kijana anazo? Yanaweza, na redio hasa twaipenda. Lakini redio husema ikapita. Ofisi ya wilaya hutoa tangazo, na tangazo halibishaniwi. Katika simu uongo na ukweli huvaa nguo moja. Walioishi Katesh ile wiki ya Desemba wanajua. Maktaba ndiyo yenye ushahidi. Mtu akisema neno, mwingine anaweza kusema, nionyeshe, naye akaonyeshwa.

Sheria nayo iko upande wetu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine ilifanywa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1991 kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Haikufanywa kuwa ya wanafunzi na walimu wao peke yao. Ilifanywa ya taifa. Basi mkulima wa ngano wa Hanang, mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu anayepambana na ukungu na bei za madalali, na mfugaji wa Kidatoga anayeona malisho yanapungua, wote hao ni wasomaji wake kwa sheria, hata kama hawajawahi kuliona lango lake. Chuo Kikuu Huria nacho, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo katika kila mkoa, na cha Manyara kiko Babati. Iko pia Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoanza kwa sheria ya mwaka 1963 na kufungua Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, kwa makusudi kabisa. Hatuhitaji jumba jipya. Tunahitaji mkutubi mmoja mwenye gari, sanduku la vitabu, mashine ya kuonyesha picha ukutani, na barua ya ruhusa.

Sasa tuje kwenye kucheka, maana najua ndipo wakubwa watakapokunja uso.

Tumerithi kasumba kwamba elimu ni jambo la huzuni. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka: aliyecheka darasani alipigwa, na aliyelia aliambiwa anyamaze, kwa hiyo tukatoka na nyuso za mawe tukadhani huo ndio usomi. Kumbe wazee wetu waliwafundisha watoto kwa vitendawili jioni, kando ya moto, na aliyeshindwa alitoa mji. Hata siasa ya nchi hii ilipotaka kuingia vichwani mwa watu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, haikupita kwa vitabu vinene. Ilipita kwa ngonjera za Mathias Mnyampala, watoto wawili wamesimama mbele ya wazazi, mmoja akijifanya mjinga na mwingine mwerevu, na wazazi wanacheka mpaka machozi. Mjinga yule wa kwenye ngonjera amefundisha Watanzania wengi kuliko maprofesa kadhaa.

Basi maktaba za vyuo vikuu zikija Mbulu zisije na mihadhara tu. Yawepo mashindano ya vitendawili kwa Kiiraqw, Kidatoga na Kiswahili, na mshindi apewe kamusi. Iwepo jioni ya hadithi za bibi, watoto wameketi mbele. Uwepo mchezo wa kuigiza ulioandikwa na wanafunzi wa sekondari juu ya baraza la wazee, au juu ya mtaalamu aliyekuja kupima udongo akang'atwa na mbwa. Zionyeshwe picha za zamani, zile zilizopigwa na wamisionari, wasafiri na maofisa wa kikoloni, ambazo katika makavazi zimeandikwa chini yake maneno kama "mwanamke wa kabila" au "mzee akiwa na mkuki", bila jina. Zikionyeshwa ukutani pale Mbulu mjini, au Dareda, atainuka mtu aseme, huyu ni shangazi yake mama, na ile nyumba ilikuwa pale penye mti. Watu watacheka kwa mavazi, na mkutubi ataandika majina. Kazi ambayo mtafiti angeifanya kwa miezi sita itakuwa imefanyika kati ya saa nane na saa kumi na moja.

Jirani zetu wa Kenya wameanza, ingawa si kwa mkono wa chuo kikuu. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na mpaka mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mwaka 2017 mama wawili, Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, walianzisha shirika la Book Bunk ili kuifufua maktaba hiyo na zile mbili ndogo za Kaloleni na Makadara, huko mitaa ya wafanyakazi. Hawakutengeneza mapaa na rafu tu. Walileta hadithi za watoto, muziki, mazungumzo ya waandishi na sherehe za vitabu. Watu waliokuwa wakipita nje ya Kaloleni kana kwamba ni kituo cha polisi wakaanza kuingia, na aliyeingia kwa ajili ya ngoma alikuta vitabu vinamtazama.

Zipo hatari, nazo tuzitaje. Kwanza ni lugha. Kiswahili kitatosha kwa vijana, lakini kwa bibi wa Kainam au mzee wa Kidatoga wa Basotu hakitoshi kwa mambo ya ndani, na mkalimani lazima awepo, tena mkalimani wa kweli, siyo karani aliyeokotwa asubuhi ile. Pili ni wanawake. Mkutano ukiachwa ujiendee, watasema wanaume watano, na wa sita atafunga kwa sala. Mambo ya mbegu, ya maji na ya ugonjwa wa watoto wanayajua wanawake, basi wapewe zamu yao kabla ya chai, si baada yake.

Hatari ya tatu yatuhusu sisi wenyewe, na huenda ndiyo kubwa. Nayo ni mgeni rasmi. Twamjua. Huchelewa saa mbili. Akifika, wote husimama. Hukaribishwa na watu wanne, kila mmoja akitaja vyeo vya waliotangulia. Husoma hotuba iliyoandikwa na mwingine, kurasa 14, juu ya mambo ambayo watu wameyasikia redioni. Kisha huondoka kwa kuwa ana mkutano mwingine, na nusu ya meza kuu huondoka naye, na mzee aliyetembea tangu alfajiri akiwa na jambo moja la kusema huambiwa aseme kwa dakika tatu. Viongozi wa chama na serikali wakitaka kuja, na waje. Viti viko vya kutosha. Waketi katikati ya watu, wasikilize, na wakitaka kuuliza wanyoshe mkono.

Kuhusu gharama, hatuoni neno. Nauli ya wataalamu wawili na mkutubi mmoja kutoka Dar es Salaam au Morogoro hadi Mbulu haiifikii posho ya kikao kimoja cha siku mbili katika hoteli ya Dodoma au Arusha. Kuhusu vitabu kuibiwa, huenda viwili vitatu vitapotea. Afadhali kitabu kilichopotea Mbulu kikasomwa kuliko kilichosalimika rafuni miaka 20 kikiwa na chapa moja tu ya tarehe.

Twashauri basi jambo la kwanza lifanyike Katesh. Maktaba ya Mlimani ishirikiane na wanajiolojia wa chuo hicho, walete ramani kubwa ya Hanang, ya kuweza kuonwa na aliyeketi nyuma, na waieleze siku hiyo kwa Kiswahili na kwa Kidatoga na Kiiraqw: maji yalipita wapi, njia zipi bado ni za hatari, ni dalili gani za kuangalia mvua zikizidi. Waliopoteza ndugu waulizwe kwanza kama wako tayari, na kama hawako tayari siku ile ihamishwe. Kisha wapande Mbulu kwa habari ya kilimo cha Kainam, na kule wazee wapewe viti vya mbele. Yafanyike baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi. Na yafanyike mchana, si jioni kama ilivyo desturi ya Mlimani, maana Juni na Julai baridi ya Mbulu ikishuka saa kumi na mbili hakuna mzee atakayebaki ukumbini, hata akiwa anasomwa yeye mwenyewe.